Ukifika Nihon Minka-en, anza na nyumba yenye moto

Kwa anayekwenda Nihon Minka-en, makumbusho ya wazi ya nyumba za zamani za wakulima huko Kawasaki, Japani: langoni uliza ni nyumba ipi imewashwa moto leo, uanzie hapo. Vua viatu, panda sakafuni, kaa chini kabisa karibu na irori, lile shimo la moto la mraba, kisha tazama juu. Ukiwa umesimama mlangoni unaona giza tu. Ukikaa, macho yanazoea, na unauona moshi ukipanda wenyewe hadi kwenye paa la nyasi, maana bomba la moshi hakuna. Moshi huo ndio unaokausha nyasi na kufukuza wadudu. Ndiyo sababu boriti ni nyeusi tii. Wazee wetu waliopikia kwenye nyumba za makuti wataelewa mara moja.

Vaa viatu vya kuchomoa haraka na soksi nzito, mbao zina baridi kali wakati wa kipupwe. Moto hauwashwi kila nyumba wala kila siku, na mwenye pumu asikae karibu.