Jinsi ya kusoma magma iliyofukiwa Mwezini na Mars ukiwa na laptopu tu

Watu wa Umalila na Isongole hili mnalijua siku nyingi. Bibi yangu akipita kwenye tuta la viazi hafukui kwanza, anainama anaangalia juu, akiona udongo umeinuka na umepasuka anajua chini kuna kiazi kimenenepa, na ufa ukiwa mpana ananiambia nikirudishie udongo fasta kabla hakijapigwa jua kikawa kijani. Sasa Mwezini ndo hivyohivyo, hakuna wa kwenda kufukua, kwa hiyo magma (mwamba ulioyeyuka) iliyogandia chini tunaisoma kwa jinsi ardhi ya juu ilivyoinuka, ilivyodidimia au ilivyopasuka.

Vifaa: laptopu na bando. Kwa Mwezi fungua QuickMap kwenye brauza, kwa Mars shusha JMARS ya Arizona State University, zote bure na zote zinakuchorea profaili, yaani grafu ya ardhi inavyopanda na kushuka, ukivuta mstari. Usikurupuke kushusha ramani nzima ya MOLA (kile kipimo cha leza cha chombo Mars Global Surveyor), faili ni zaidi ya gigabaiti 2, mimi bando la wiki lilikata likiwa asilimia tisini na kitu, nikalala na hasira.

Anzia nyumbani kwanza. Chukua data za SRTM, yaani vipimo vya urefu wa ardhi, zilipimwa kwa rada Februari 2000, pikseli moja ni kama mita 30, fungua QGIS (programu ya ramani) halafu vuta mstari ukatize Ngozi, ile volkano ya kwetu Mbeya yenye ziwa, toka upande mmoja mpaka ng'ambo. Utaona mlima unapanda taratibu, ukifika ukingoni unaporomoka ghafla, halafu grafu inalala bapaaa. Hapo wengi wanadhani wameona sakafu ya kaldera (shimo la volkano iliyobomokea ndani), hapana, hayo ni maji, rada haikuzama ziwani. Ila umbo lenyewe linasema kitu, magma ilitoka, dari la juu likakosa cha kulishikilia likaanguka, na upana wa shimo unakupa picha ya upana wa chumba kilichokuwa chini. Angalia pia skeli, programu nyingi zinavuta urefu wima mpaka kilima kinakuwa mnara.

Haya, sasa Mwezini. Tafuta kreta (shimo la kugongwa na kimondo) ya Gassendi, kipenyo kama kilomita 110. Kreta kubwa ikiwa bado mbichi kina chake kinakadiriwa hivi: 1.044 zidisha kipenyo (kwa kilomita) chenye kipeo 0.301, kwa Gassendi unapata kama kilomita 4.3, kikokotoo cha simu kinatosha. Vuta mstari wako, soma ukingo, soma sakafu, toa. Utakuta sakafu iko juu kuliko ilivyotakiwa, na tofauti hiyo ni makadirio ya unene wa magma iliyojipenyeza chini ikalala kama chapati na kuinyanyua sakafu yote. Lakini subiri, si kuna lava pia inaweza kumwagika juu na kuijaza kreta? Inaweza, ndo maana angalia picha, lava ya kumwagika inaacha sakafu laini na inafukia vilele vya katikati, iliyoinuliwa toka chini inabaki na vilele vyake na nyufa kibao, yaani tuta la viazi kabisa, na Gassendi ina vilele na nyufa vyote viwili.

Mars fanya ya nyufa. Daiki, yaani ukuta wa magma uliosimama wima chini, ukitanuka ardhi ya juu yake inavutika na kipande kinazama katikati ya nyufa mbili, unapata mfereji mrefu mnyoofu. Nyufa hizo kwa kawaida zinalala kama nyuzi 60 kuelekeana, kwa hiyo chukua nusu ya upana zidisha 1.73. Mfereji wa kilomita 2 kuta zake zinakutana kama kilomita 1.7 chini, kichwa cha daiki kitegemee maeneo hayo. Kingo zikiwa zimebomoka upana unaongezeka na kina kinakudanganya.

Na sio kila bonde ni daiki jamani, Usangu ni bonde la ufa, ardhi yenyewe inavutwa. Tafuta ushahidi mwingine: vishimo vilivyojipanga mstari, lava iliyochuruzika toka kwenye ufa, au mifereji inayotawanyika toka sehemu moja kama ile ya Tharsis, eneo la volkano kubwa huko Mars. Hata kwetu tazama Ngozi, Rungwe na Kiejo zilivyojipanga kuelekea kusini mashariki, mstari huo unafuata udhaifu ulioko chini.

Kila sehemu vuta mistari mitatu au minne, pande tofauti. Ule wa kwanza wa Gassendi niliupitisha juu ya vilele bila kujua, nikapata sakafu yenye nundu, bibi alivyoiona grafu akauliza, kwani hapo katikati wamepanda nini?