Kipa mdogo wa hoki ya barafuni: mtazame baada ya kufungwa

Ukienda kumtazama kipa chipukizi wa hoki ya barafuni, usianze na idadi ya magoli aliyofungwa. Mabeki wabovu humwaibisha hata kipa mzuri. Anza na miguu: paki, kile kisahani cha mpira mgumu, ikipasiwa upande wa pili, je, anafika na kutulia kabla ya shuti, au anadaka huku bado anateleza? Goli lina upana wa sentimita 183 tu, kwa hiyo anayewahi nafasi yake hana haja ya sarakasi. Halafu angalia anavyotema. Paki ikigonga pedi za miguu inakwenda kona, au inarudi katikati kwa mshambuliaji? Mimi hapo napaamini kuliko kudaka kwa mbwembwe.

Kuhusu moyo, subiri afungwe goli la kizembe. Anapiga fimbo kwenye mwamba? Anawakodolea mabeki macho, anamtafuta baba jukwaani? Au anakunywa maji, anakwangua barafu kidogo, anarudi kwenye mkao uleule? Shuti linalofuata ndilo la kuandika kwenye daftari. Na mtazame zaidi ya mechi moja. Mtoto wa miaka 11 akilala vibaya tu, siku yote imeharibika.