Namna ya Kuziba Nyufa za Kuta za Ndani ya Nyumba

Kabla ya kushika mwiko, uchunguze ufa wenyewe. Ufa mwembamba kama unywele, unaotambaa bila mpangilio juu ya lipu, kwa kawaida hutokana na lipu kusinyaa ilipokuwa ikikauka, hasa ikiwa ilikauka upesi mno au ilitiwa saruji nyingi kupita kiasi, nao huharibu sura ya ukuta tu. Lakini ufa unaoanzia kwenye pembe ya dirisha au mlango na kupanda kimshazari, ufa unaopanda kama ngazi kwa kufuata viungo vya matofali, au ule uliozidi upana wa milimita 5, huenda unatokana na msingi kutitia au linta, yaani boriti iliyo juu ya dirisha au mlango, kuelemewa. Ufa wa namna hiyo usiuzibe kabla mhandisi hajaukagua, kwa sababu utakuwa umeificha dalili na kuuacha ugonjwa.

Ukiwa na shaka, chora kwa penseli kistari kinachokatiza kila ncha ya ufa, andika tarehe na upana wake papo hapo ukutani, kisha urudi kuupima baada ya miezi kadhaa. Ufa uliovuka vistari bado unatembea. Vilevile gonga lipu kwa kifundo cha kidole pande zote mbili: panaposikika mlio wa uwazi, lipu imeachana na tofali, na sehemu hiyo yote haina budi kubanduliwa na kupigwa lipu upya.

Hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayofanya ufa urudi, ni kuupanua. Puti iliyopakwa juu ya ufa mwembamba hukaa kama ngozi tu na hupasuka pale pale. Kwa hiyo kwangua ufa kwa ncha ya kikwangulio mpaka upate mfereji wenye kina cha milimita 5 hivi, ukijitahidi ndani yake pawe papana kuliko mdomo wake, ili kijazio kishikwe kama kabari. Ondoa vumbi lote kwa brashi, kisha lowesha mfereji kwa maji kiasi cha kuupa unyevu bila maji kutuama. Lipu kavu hufyonza maji ya kijazio kabla hakijashika, nacho husinyaa na kujitenga kando kando.

Mfereji mdogo unatosheka na puti ya ukutani. Penye pengo kubwa, tumia mchanganyiko wa kipimo 1 cha saruji kwa vipimo 4 vya mchanga laini uliochekechwa. Kijazio kisukumwe kwanza kwa kukatiza ufa, ili kiingie hadi chini, ndipo kilainishwe kwa kuufuata urefu wake. Nacho kijazwe kwa tabaka nyembamba, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata. Ufa uliokwisha kurudi mara moja ubandikwe utepe wa wavu wa nyuzi za kioo, kisha upakwe puti inayovuka kingo za utepe. Panapokutana ukuta na fremu ya mlango, ambapo mbao hutanuka na kunywea, puti haitadumu. Tumia kizibio cha akriliki kinachonyumbulika, wala si silikoni ya kawaida, kwa kuwa rangi haiishiki.

Puti ikikauka kabisa, piga msasa namba 120 na umalizie kwa namba 180. Vaa barakoa bila kukosa, maana vumbi hili hudhuru mapafu. Rangi ya zamani sana huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kubwa kwa watoto. Hiyo usiipige msasa mkavu.

Kiraka kipakwe praima (rangi ya kutangulia) kwanza, la sivyo kitafyonza rangi na kuacha doa lililofifia. Kiraka cha saruji kikipakwa rangi ya mafuta, kisubiri takriban siku 28, kwani ukali wa saruji mbichi huila rangi hiyo. Hatimaye paka ukuta mzima kutoka pembe hadi pembe, kwa sababu rangi mpya ni nadra kulingana na ya zamani hata ikitoka kwenye kopo lile lile.