Kumwandikia Kumbukumbu Mwalimu na Kocha wa Asili ya Goa: Mwongozo kwa Wanafunzi Wake wa Zamani

Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam kuna watu wazima wengi waliofundishwa hesabu au Kiingereza asubuhi, na mpira wa magongo alasiri, na mtu yuleyule mmoja: mwalimu ambaye wazazi au babu zake walitoka Goa, ambayo leo ni jimbo la India. Walimu wa kizazi hicho wanazidi kututoka, na mara nyingi kinachoandikwa juu yao ni aya mbili tatu za sifa ambazo zingemfaa mwalimu yeyote duniani. Mwongozo huu umekusudiwa wanafunzi wa zamani wanaotaka kuandaa kijitabu cha kumbukumbu au taazia ndefu, na shauri lake kuu ni kwamba kazi aliyoifanya marehemu iandikwe kwanza, kwa ushahidi, na sifa zifuate baadaye.

Kabla ya kuandika lolote, wasilianeni na familia, muwape pole, kisha muombe ridhaa yao. Wagoa walio wengi ni Wakatoliki, na kwa desturi yao husomwa misa siku ya saba na nyingine mwezi unapotimia. Msipange hafla yenu ya shule juu ya siku hizo, wala msidhani kwamba hitima au arobaini mliyoizoea nyumbani ndiyo wanayoitarajia. Waulizeni pia namna jina linavyoandikwa. Ukoo mmoja unaweza kuandikwa de Souza katika cheti cha ubatizo, D'Souza katika orodha ya walimu na Desouza gazetini, kwa hiyo atakayetafuta kwa tahajia moja tu atarudi mikono mitupu.

Sehemu inayoharibiwa mara nyingi zaidi ni ile ya asili yake. Kuandika kwamba “alikuja kutoka India” huenda kukawa kosa mara mbili. Goa ilikuwa chini ya Ureno hadi Desemba 1961, majeshi ya India yalipoitwaa, hivyo baba aliyepanda meli kuja Afrika Mashariki kabla ya hapo aliondoka katika koloni la Ureno. Zaidi ya hayo, mwalimu mwenyewe huenda hakuja kutoka popote, kwa kuwa alizaliwa Mombasa au Kisumu, akabatizwa huko na kusoma huko. Tafuteni kitabu cha ubatizo cha parokia, kwa maana humo mna tarehe, majina ya wazazi na ya wasimamizi, na mara nyingi huwa kimetunzwa vizuri kuliko nyaraka za shule.

Uraia nao uelezwe kwa uangalifu. Nchini Kenya, wakazi ambao hawakuwa raia moja kwa moja siku ya uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, walipewa miaka miwili ya kuomba kuandikishwa, na ndani ya nyumba moja ndugu wawili waliweza kuchagua pasipoti tofauti. Mkipata kujua alichagua ipi, na familia ikaridhia, andikeni bila kumsifu wala kumlaumu. Lakini msimwandike kana kwamba alikuwa mgeni mwema aliyetusaidia kisha akaenda zake. Bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 ilibebwa na Seraphino Antao, Mgoa mzaliwa wa Mombasa, ambaye miaka miwili kabla yake alikuwa ameiletea nchi dhahabu mbili za mbio fupi kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Perth, Australia. Kwa watu wa kizazi hicho, swali la nani ni wa kwetu lilikuwa limekwisha kujibiwa uwanjani.

Sasa tuje kwenye kukusanya kumbukumbu, ambako ndiko kazi yenyewe iliko. Mkituma ujumbe katika kikundi cha wahitimu mkiuliza “mnamkumbukaje mwalimu?”, mtapokea “alikuwa baba kwetu” mara nyingi kuliko mtakavyoweza kuchapisha. Ulizeni maswali yanayodai jibu la kuonekana kwa macho. Mazoezi yalianza saa ngapi, na nani alipiga mistari ya chokaa? Magongo yalipatikana wapi, na asiyekuwa na viatu alicheza vipi? Alimfundishaje beki kuupokea mpira kwenye uwanja wa changarawe, ambako mpira hudunda usivyotarajia? Alipanga kikosi kwa kubandika orodha ubaoni, au alimwita kila mmoja pembeni? Alisema nini walipofungwa? Mtu aliyeachwa nje ya timu ana mengi ya kueleza kuliko nahodha, na hata yule ambaye hakucheza kabisa, ila alimjua darasani tu, asisahaulike; kocha anayependwa huweza kummeza mwalimu, ilhali saa nyingi zaidi za kazi yake zilipita mbele ya ubao.

Kwa kuwa shule za wakati wa ukoloni zilitenganishwa kwa rangi na asili, Wagoa wakiwa na zao, Wahindi zao na Waafrika zao, mwalimu aliyefundisha kati ya miaka ya 1950 na 1970 huwa ana makundi mawili ya wanafunzi ambayo pengine hayajawahi kukutana. Kundi la kwanza limetawanyika London, Toronto na Goa kwenyewe. La pili liko hapa nyumbani. Wekeni mjumbe mmoja kwa kila kundi, na wazee muwahoji kwa simu huku mkirekodi, maana wengi wao husimulia vizuri kuliko wanavyoandika. Aliyehamia ng'ambo mwaka 1968 atakumbuka shule isiyofanana hata kidogo na ile ya aliyeingia mwaka 1970, na msijaribu kuyapatanisha masimulizi hayo mawili; yawekeni yote, kila moja na mwaka wake.

Kila dai kubwa lipimwe. Kumbukumbu za michezo hukua kadiri watu wanavyozeeka, nasi sote tunajua jinsi bao la mita kumi linavyofikia katikati ya uwanja. Akitokea wa kusema kwamba kocha alitoa wachezaji wawili walioichezea Kenya mpira wa magongo kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, jueni kuna kosa, kwa sababu Kenya na Tanzania zote zilisusia michezo hiyo; yaelekea alikusudia Munich mwaka 1972. Timu ya wanaume ya Kenya ilishiriki mwaka 1956, 1960, 1964, 1968, 1972, 1984 na 1988, na katika Kombe la Dunia la Barcelona mwaka 1971 ilishika nafasi ya nne. Tanzania ilicheza mara moja tu, Moscow mwaka 1980. Uganda nayo ilicheza Munich mwaka 1972, ikiwa na kikosi ambacho wengi wake walikuwa wa asili ya Asia, wiki chache baada ya Idi Amin kutangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika siku 90. Ikiwa mwalimu wenu alikuwa Kampala mwaka huo, jambo hilo halitoshi kutajwa kwa sentensi moja. Tafuteni nani aliichukua timu ya shule baada yake, na vikombe vilibaki na nani.

Swali la kiboko huzigawa kamati nyingi. Maoni yangu ni kwamba kama alichapa, iandikwe kuwa alichapa, kwa maneno ya waliochapwa, kwani mkiandika “alikuwa mkali lakini mwenye upendo” kila mhitimu atatambua kilichofichwa, na ataanza kuyatilia shaka hata yaliyo kweli.

Picha za timu ziandikwe majina yote, safu ya nyuma kwanza, kutoka kushoto kwenda kulia, pamoja na mwaka na jina la mashindano. Msiyemtambua, acheni nafasi yake wazi na muisambaze picha tena. Majina ya watunza uwanja na wapishi waliosimama pembeni hupatikana kwa njia hiyo. Familia ipewe rasimu yote mapema, si kurasa za sifa peke yake, na masahihisho yao ya majina na tarehe yakubaliwe isipokuwa pale hati inapoonyesha vingine. Kijitabu kikishachapishwa, nakala moja ibaki maktaba ya shule, nyingine ipelekwe hifadhi ya nyaraka ya taifa, na rekodi za sauti zikabidhiwe familia pamoja na orodha ya waliozungumza.