Kabla Hujahamishia Funguo Zako za Siri Kwenye Simu au Kompyuta ya Pili

Ukisimba barua pepe na mafaili (kuyafunga kwa msimbo ili wengine wasiyasome) kwa OpenPGP, mfumo unaotumia jozi ya ufunguo wa siri na wa umma, hakuna kitufe cha "nimesahau nywila". Ufunguo wa siri ukipotea, barua zote ulizosimbiwa hazisomeki tena, na hakuna fundi wa kukuokoa. Kwa hiyo simu mpya isubiri kwanza, nakala ya akiba itangulie.

Hakikisha unachonakili ni ufunguo wa siri wenyewe, maana ule wa umma, unaowapa wenzako wakusimbie, haufungui kitu. Kwenye GnuPG, programu ya OpenPGP ya kompyuta, amri ni gpg --export-secret-keys. Thunderbird, programu ya barua pepe yenye OpenPGP ndani yake tangu toleo la 78 la mwaka 2020, ina hazina yake ya funguo, mbali na ya GnuPG. Hapa wengi hunaswa: wananakili hazina moja wakidhani wamemaliza, kumbe ufunguo wanaoutumia kila siku uko kwenye nyingine. Weka nakala kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba tofauti, kisha ijaribu: chomeka flashi kwenye kompyuta nyingine unayoiamini, ingiza ufunguo, fungua barua moja ya zamani. Isipofunguka, bado huna akiba.

Tafuta pia cheti cha kubatilisha ufunguo, yaani faili la kutangaza kwamba ufunguo wako hautumiki tena. GnuPG hukitengeneza yenyewe tangu toleo la 2.1 na kukiweka kwenye folda ya openpgp-revocs.d. Kichapishe kwenye karatasi na ukifiche vizuri, kwani atakayekipata anaweza kuuua ufunguo wako mbele ya watu wote.

Sasa simu. Mimi siafiki kuipelekea ufunguo mkuu, kwa sababu simu huporwa. Toa funguo tanzu tu (zile zilizo chini ya ufunguo mkuu, za kazi ya kila siku) kwa --export-secret-subkeys, uziingize kwenye OpenKeychain, programu ya OpenPGP ya simu za Android. Simu ikiibwa utabatilisha tanzu hizo na kutengeneza nyingine. Ufunguo mkuu, ambao wenzako wameshauhakiki, unabaki salama nyumbani. Tumia waya kuhamisha. Usijitumie ufunguo kwa WhatsApp, hata kwa dakika moja.

Mwisho, angalia tarehe ya kuisha muda. Unaweza kuisogeza mbele wakati wowote ukiwa na ufunguo mkuu, ila lazima uwatumie wenzako ufunguo wa umma uliosasishwa, la sivyo programu zao zitagoma kukusimbia. Na ufunguo uliokwisha muda usiufute: barua za miaka iliyopita bado zinauhitaji.