Unesi kupitia chuo cha jamii Marekani: kazi huanza kabla ya kuomba nafasi

Nilianza kama CNA (msaidizi wa muuguzi), nikigeuza na kuosha wazee zamu za usiku, asubuhi naingia darasani. Sasa nina leseni ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa. Digrii ya uuguzi ya chuo cha jamii (community college) huitwa ya miaka miwili, lakini miaka hiyo huhesabiwa ukishapokelewa kwenye programu. Masomo ya utangulizi yanaweza kula mwaka mzima kabla ya hapo, na wengi wetu hukwamia hapo.

Hatua ya 1: Kagua chuo. Bodi ya Uuguzi ya jimbo lako ina orodha ya programu zilizoidhinishwa. Tazama pia kama programu yako ina ithibati ya ACEN au CNEA, mashirika yanayokagua ubora wa programu za uuguzi; itakufaa ukitaka kuendelea hadi BSN, shahada ya kwanza ya uuguzi.

Hatua ya 2: Vyeti na ada. Peleka vyeti vya nyumbani vikatathminiwe mapema. Mwenye grini kadi, mkimbizi au aliyepewa hifadhi ajaze FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali kuu. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hamo.

Hatua ya 3: Masomo ya utangulizi. Anatomia na fiziolojia sehemu mbili, mikrobiolojia, saikolojia, uandishi wa Kiingereza, mara nyingi na takwimu. Usibebe sayansi mbili muhula mmoja huku unafanya zamu za usiku. Mimi nilibeba, nikaambulia C ya anatomia, na vyuo vingi hupanga waombaji kwa alama. Nilingoja mwaka. Uliza pia sayansi yako itakubalika kwa muda gani, vyuo vingine hukataa iliyozidi miaka 5. Kisha kuna mtihani wa kuingilia, TEAS au HESI kutegemea chuo.

Hatua ya 4: Afya kabla ya wodi. Utadaiwa chanjo, cheti cha huduma ya kwanza ya moyo na kipimo cha kifua kikuu. Sisi wenye kovu la BCG, chanjo ya TB ya utotoni, tujihadhari: kipimo cha ngozi kinaweza kuonyesha una TB wakati huna. Mkono wangu ulivimba, nikapelekwa eksirei, nikaponea chupuchupu kukosa wiki ya kwanza. Omba cha damu, hakidanganywi na BCG.

Hatua ya 5: Hesabu za dawa. Hapa ndipo niliona watu wazima wakilia. Mgonjwa hupimwa kwa paundi, dawa huandikwa kwa kilo. Mfano: ana paundi 176, dozi ni miligramu 5 kwa kila kilo. Gawa 176 kwa 2.2, upate kilo 80. Zidisha kwa 5: miligramu 400. Ukisahau kugawa utampa 880, zaidi ya mara mbili. Andika 0.5, kamwe si .5, maana nukta ikipotea inasomeka 5. Na saa! Kwetu saa mbili asubuhi, kwao 0800. Miezi ya kwanza niliandika saa zote pembeni ya daftari.

Hatua ya 6: NCLEX, mtihani wa leseni. Ni maswali 85 hadi 150, kwa saa 5. Kompyuta ikizima kwenye 85 usizimie, inaweza kuwa umefaulu. Jina ulilojisajili lilingane na kitambulisho. Kama pasipoti ina jina lako, la baba na la babu, na chuo kilikuandika mawili tu, lirekebishe muhula wa mwisho, kabla hujalipa dola 200 za mtihani.