Kugeuza Riwaya Nene Kuwa Tamthilia ya Nyimbo: Kwa Vikundi vya Kisumu

Anzeni na hakimiliki. Kwa sheria ya Kenya, haki hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Victor Hugo alifariki 1885, kwa hiyo Les Misérables yake ya 1862 ni huru. Nyimbo za Schönberg na Boublil, waliokigeuza kitabu hicho kuwa tamthilia ya nyimbo, si huru, hata mkizitafsiri. Ombeni kibali au mtunge zenu.

Kisha kateni, tena bila huruma. Kitabu hicho kina kurasa zaidi ya elfu moja, onyesho halizidi saa tatu. Watunzi walishika uzi mmoja: mfungwa aliyeachiliwa na askari anayemwinda miaka nenda miaka rudi. Sura ndefu za vita vya Waterloo zilitupwa. Andikeni kila tukio kwenye kadi. Kadi ikiondolewa na hadithi ya msako bado ikaeleweka, ibaki nje. Kwa onyesho la saa moja na nusu, matukio 12 yanatosha.

Nyimbo zikiwa kumi, msitunge lahani kumi. Tungeni nne au tano, mzirudishe kwa maneno mapya, mhusika mwingine akiimba. Hapo ndipo ilipo siri ya onyesho lao, linalochezwa London tangu 1985, ingawa wahakiki wengi walilikashifu mwanzoni: mtazamaji huifahamu lahani kabla wimbo haujaisha. Mdundo mzito uangukie silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Ukianguka kwingine, ukumbi hausikii maneno, husikia kelele tu (kosa la kwaya nyingi, tuseme ukweli).

Waimbaji 16 wanatosha, wanne kila sauti. Mkitumia nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kinanda kiifuate, si kinyume. Ngozi ya nyatiti hulegea kwa unyevu wa ziwa, basi ikae ukumbini nusu saa kabla ya kukazwa nyuzi zake nane.

Adui mkubwa ni paa la mabati. Mvua ya alasiri ikishuka, hakuna kipaza sauti kitakachoishinda. Chezeni asubuhi, au Januari na Februari, na muwe na wimbo mmoja wa kwaya nzima usiohitaji umeme, wa kuingiza popote stima zikipotea. Jenereta ikae nyuma ya ukuta, na waya wa vipaza sauti usipite sambamba na wa taa, la sivyo spika zitavuma onyesho zima.